Musonoi: damu inatolewa, maelezo yanabaki labo

KOLWEZI – Mchimbaji anatoka labo na karatasi moja mkononi. Juu kuna jina lake, umri na tarehe. Chini kuna safu ya herufi ambazo hakuna shule iliyomfundisha: TGO, TGP, GGT, bilirubine. Mbele ya TGO kuna tarakimu 78, na mtu wa labo amepiga mstari mwekundu chini yake. Dirishani aliambiwa alipe, akalipa. Ndani aliambiwa anyooshe mkono, akanyoosha. Hakuna aliyemwambia hiyo 78 maana yake nini.

Jioni jibu linatafutwa uani. Jirani mmoja anasema ini limeoza. Mwingine anasema hiyo ni sumu ya kampuni. Wa tatu anamjua mzee anayeuza mizizi ya kusafisha ini. Kabla ya usiku, mtu aliyeingia labo na uchovu tu amerudi nyumbani na hukumu ya kifo, na kesho yake atakunywa dawa ambayo hata muuzaji hajui ndani yake kuna nini.

Kisa hicho ni cha mfano, lakini mkaaji yeyote wa Musonoi anaweza kukitambua. Kinaonyesha jambo ambalo viongozi wa afya wa Lualaba na kampuni za migodi wangepaswa kulishughulikia bila kungoja: kipimo cha damu ambacho mwenyewe hakuelezwa ni nusu ya kipimo. Na nusu inayokosekana ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ni dakika 10 za maneno, kwa Kiswahili.

Fishi iliyohamia chini ya godoro

Musonoi ni mtaa wa watu wa mgodi tangu enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ambayo baada ya uhuru ilitaifishwa na hatimaye kuitwa Gécamines. Zamani zile mfanyakazi na familia yake walitibiwa na kampuni. Hospitali ilikuwa ya kampuni, na fishi ya mgonjwa ilikaa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi. Mpango huo ulianza kubomoka miaka ya 1990, Gécamines ilipodhoofika. Mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliaga kazi.

Leo mtu wa Musonoi anapimwa hapa, mwezi ujao anapimwa pale, na kila mara analipa kutoka mfukoni. Fishi yake ni mfuko wa plastiki anaouweka chini ya godoro, umejaa karatasi ambazo hakuna mganga mmoja aliyewahi kuzisoma zote pamoja. Ndiyo maana maelezo yana uzito kuliko zamani. Wakati ule daktari wa kampuni alikumbuka kwa niaba ya mgonjwa. Sasa mgonjwa hana budi kukumbuka mwenyewe, na hawezi kukumbuka asichoelezwa.

Herufi zinasema nini

TGO na TGP, ambazo karatasi nyingine huziandika ASAT na ALAT, ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Chembe ikiumia, vinamwagika katika damu. Kwa hiyo tarakimu ikipanda, inasema kuna chembe zinazoumia. Haisemi zimeumizwa na nini, wala haisemi ini limebakiza nguvu kiasi gani. Ni kama moshi: unaonyesha kuna moto, lakini haumtaji aliyeuwasha.

Nguvu ya ini inasomwa mahali pengine. Ini ndilo linalotengeneza albumini, protini inayozuia maji ya damu yasivuje kwenda tumboni na miguuni. Ini ndilo pia linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, ambavyo labo huvipima kwa kipimo kinachoandikwa TP au INR. Albumini ikishuka na damu ikachelewa kuganda, inabidi kuuliza kama ini linashindwa kazi, hata kama TGO na TGP ziko sawa. Mtu ambaye ini lake limekwisha kukakamaa kwa sirozi anaweza kuonyesha TGP nzuri kabisa. Kumwambia mtu huyo kwamba ini lake ni zima kwa sababu ya tarakimu moja ni kumdanganya.

Bilirubine ni rangi ya njano itokanayo na chembe nyekundu za damu zinapokufa. Macho ya njano hayatokani na ini kila mara. Malaria kali huvunja chembe nyekundu nyingi, na ugonjwa wa SS vilevile. Hapo hupanda zaidi bilirubine inayoitwa indirekti. Ikipanda ile ya direkti, ndipo ini lenyewe au njia ya nyongo inapoangaliwa kwanza. Karatasi inayoandika bilirubine ya jumla peke yake imeacha nje nusu ya habari.

Kuna PAL, ambayo hutoka katika njia za nyongo lakini pia katika mifupa na kondo la nyuma. Kijana anayerefuka na mama mwenye mimba kubwa wanaweza kuwa na PAL ya juu bila ugonjwa wowote. Kuna GGT, ambayo hupanda kwa mnywaji wa lutuku au bia nyingi. Lakini hupanda pia kwa sababu ya dawa fulani, kwa mfano baadhi ya dawa za kifafa. GGT peke yake haitoshi kumwita mtu mlevi mbele ya mke wake.

Gunia la mawe nalo huonekana kwenye damu

TGO haikai katika ini pekee. Iko katika misuli, katika moyo, hata ndani ya chembe nyekundu za damu. Krezeri aliyepandisha magunia ya mawe kutoka shimoni siku nzima ameumiza misuli yake, na misuli iliyoumia humwaga TGO, na mara nyingine TGP pia. Tarakimu zinaweza kubaki juu kwa wiki nzima baada ya kazi nzito. Mtu huyo akipimwa Jumatatu, baada ya kubeba mizigo Jumamosi na Jumapili, karatasi yake inaweza kusema juu ya mabega yake kuliko inavyosema juu ya ini.

Daktari anayejua hilo atauliza swali moja kabla ya kutoa damu: unafanya kazi gani, na mara ya mwisho umeifanya lini? Ataomba kipimo kirudiwe baada ya mapumziko, au ataongeza kipimo cha CPK kinachoonyesha misuli. Swali hilo halina bei, lakini bila swali hilo kijana mwenye mwili mzima anaweza kutibiwa ini ambalo haliumwi.

Damu yenyewe pia inataka uangalifu. Ikitikiswa sana au ikikaa muda mrefu kwenye joto kabla ya kufika mashineni, chembe nyekundu hupasuka na TGO hupanda ndani ya chupa. Na dawa ambazo mtu amekunywa lazima zitajwe. Paracetamol ikipita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, inaweza kuharibu ini, na kwa mnywaji wa pombe au mtu asiyekula vizuri hatari huanza mapema zaidi. Dawa za kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe, nazo zinaweza kuchoma ini. Hiyo haina maana ya kuziacha. Maana yake ni kumwona daktari upesi macho yakigeuka njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai. Mizizi na majani ya kusafisha ini yanaingia katika orodha hiyo hiyo, hata kama mgonjwa anaona haya kuyataja.

Swali ambalo TGP haijibu

Kosa kubwa kuliko yote ni kuishia kwenye TGO na TGP bila kutafuta hepatiti B. Virusi hivyo vinaweza kukaa katika ini miaka mingi huku TGP ikiwa ya kawaida. Kipimo kinachovitafuta ni kingine: Ag HBs. Kinaweza kufanywa kwa tone la damu juu ya kijiti kidogo, na jibu hutoka kwa dakika chache, kama kile cha malaria. Ag HBs ikionekana tena baada ya miezi 6, ugonjwa huo umekuwa wa kudumu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na hepatiti B ya kudumu, na milioni 50 na hepatiti C. Kwa mwaka huo huo, 63 kwa mia ya maambukizi mapya ya hepatiti B yalitokea katika kanda ya Afrika. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana nafasi ya 9 kwa 10 au zaidi ya kubaki na virusi maisha yake yote, wakati mtu mzima hubaki navyo kwa chini ya 5 kwa mia. Ndiyo sababu kipimo hicho kina maana kwa mama mjamzito kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Chanjo ya pentavalan ambayo watoto hupewa kwenye wiki 6, 10 na 14 ina kinga ya hepatiti B ndani yake, lakini kwa mtoto ambaye mama yake ana virusi, wiki 6 ni kuchelewa. Anahitaji chanjo ndani ya saa 24 za kwanza.

Hapa pia maelezo hugeuza maisha. Mtu akiambiwa tu "una hepatiti," nyumbani sahani yake hutengwa na mke hukimbilia kwa wazazi wake. Akielezwa, familia itajua kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula bukari sahani moja, wala kwa kusalimiana, wala kwa kunyonyesha. Huambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa wembe na sindano za kushirikiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Watu wa nyumba wapimwe, na wasio navyo wachanjwe. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiliwe, kwa sababu sumu ya ukungu huo, aflatoksini, ikikutana na hepatiti B huzidisha sana hatari ya kansa ya ini.

Na dawa ipo. Mwezi wa Machi 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaorahisisha uamuzi wa nani aanze tiba, hata pale ambapo hakuna mashine ya kuhesabu virusi. Kwa mtu mwenye hepatiti B, mwongozo huo unaweka mpaka wa TGP kuwa 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke, chini ya ile 40 iliyozoeleka kwenye karatasi nyingi. Pia unatumia hesabu iitwayo APRI, inayohitaji TGO na chembe sahani za damu tu. TGO ya 60 ikigawanywa kwa mpaka wa labo wa 40 inatoa 1.5. Ikigawanywa tena kwa chembe sahani 150, yaani 150,000 kwa milimita moja ya ujazo, kisha ikazidishwa kwa 100, jibu ni 1. Ikipita 0.5, mtu huyo anastahili tiba. Lakini malaria hushusha chembe sahani na gunia la mawe hupandisha TGO, kwa hiyo hesabu hiyo isifanywe mgonjwa akiwa na homa au ametoka shimoni.

Dawa yenyewe, tenofovir, ni ile inayotumika pia kwa watu wenye virusi vya ukimwi. Mwaka 2024, bei yake ya chini katika manunuzi ya dunia ilikuwa karibu dola 2.4 kwa mwezi. Hepatiti C nayo hupona kabisa kwa vidonge vya wiki 12. Kumwacha mtu afe kwa magonjwa haya kwa sababu karatasi yake haikusomwa ni aibu.

Karatasi ya ini si kesi ya kobalti

Musonoi iko karibu na mashimo makubwa ya shaba na kobalti, na wakaaji wana haki ya kuuliza vumbi hilo linafanya nini mwilini. Swali hilo limekwisha kuulizwa na wataalamu. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga, na walioishi karibu na migodi na viwanda vya madini walikutwa na kobalti nyingi sana. Mwaka 2018 walichapisha uchunguzi mwingine kutoka Kasulo, humu humu Kolwezi, juu ya wakaaji 72, wakiwemo watoto 32. Kobalti ilikuwa juu kwa waliokaa kati ya mashimo, na kwa watoto zaidi.

Lakini wataalamu hao walipima kobalti yenyewe, katika mkojo na katika damu, kwa mashine maalumu. Hawakuihesabu kwa TGP. Hapo pande zote mbili zinapaswa kujihadhari. Mkaaji mwenye TGP ya juu hana ushahidi wa sumu ya mgodi mpaka hepatiti, pombe, dawa na kazi nzito viwe vimeangaliwa. Na kampuni itakayoonyesha TGP nzuri za wakaaji haitakuwa imethibitisha kwamba vumbi lake ni salama. Anayetaka kujua kobalti apime kobalti. Kukataa karatasi isitumike vibaya ni kulinda haki ya Musonoi, kwa sababu kesi inayojengwa juu ya kipimo kisicho chake huanguka siku ya kwanza.

"Apte" si jibu

Kuna mlango mwingine ambapo damu ya vijana hutolewa: mlango wa ajira. Mtu anayeomba kazi mgodini hupimwa, kisha mara nyingi hurudishiwa neno moja la Kifaransa, apte au inapte. Akiwa apte, anashangilia na kusahau. Akiwa inapte, anaondoka bila kujua kama tatizo ni macho, mapafu au ini. Inawezekana Ag HBs yake ilionekana siku ile, na miaka 10 baadaye anaijua kwa mara ya kwanza tumbo likiwa limekwisha jaa maji.

Mwajiri anahitaji kujua tu kama mtu anaweza kufanya kazi. Matokeo yenyewe ni ya mwenye damu, naye apewe yote mkononi, pamoja na maelezo na mahali pa kutibiwa. Hepatiti B haizuii mtu kuendesha lori wala kushika nyundo, kwa hiyo isifanywe sababu ya kumnyima mkate.

Wapo watakaosema wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Wapo watakaosema kumweleza mgonjwa ni kumtia hofu. Hilo si kweli: hofu imekwisha ingia siku alipoona mstari mwekundu, na uani imekwisha pewa majina mabaya zaidi. Foleni nayo inarefushwa na watu wanaorudi kurudia vipimo ambavyo havikuelezwa.

Kinachoweza kufanyika hakihitaji hospitali mpya. Zoni za afya za Kolwezi zinaweza kuamuru kila karatasi ya ini iwe na maelezo mafupi ya Kiswahili mgongoni, na kila kituo kitenge muuguzi mmoja wa kusoma majibu pamoja na wagonjwa. Kipimo cha Ag HBs kiwekwe pamoja na TGP, na kwa mama mjamzito kisiachwe kamwe. Kuhusu pesa, Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Wajumbe wa wakaaji wanaokaa kwenye meza ya kupanga pesa hizo wana haki ya kutaja, kando ya visima na madarasa, vijiti vya Ag HBs na chanjo kwa watu wazima.

Wakati hayo yakingojewa, mtu wa Musonoi anaweza kuanza leo. Kabla ya kutoa damu, aseme kazi anayofanya, dawa na mizizi aliyokunywa, na kama anatumia pombe. Akipewa karatasi, asiondoke kabla ya kuuliza maswali manne: Ni nini kimepanda au kushuka? Kinaweza kuwa kimesababishwa na nini? Hepatiti B na C zimetafutwa? Nirudi lini kupimwa tena? Kisha aitunze karatasi hiyo na aende nayo kila anapopimwa, kwa sababu tarakimu mbili za tarehe mbalimbali humfundisha daktari kuliko tarakimu moja kubwa.

Muuguzi akijibu kwa Kifaransa, mgonjwa aombe Kiswahili bila haya. Damu ni yake, na pesa alizolipa dirishani zilikuwa za jibu, si za karatasi tu.